Siku Mjukuu Wangu Alipoitwa Barazani

Mjukuu wangu alijikojolea mbele ya shule nzima, akiwa amesimama juu ya kiti. Naanza na hilo kwa sababu nimesikia watu wakizungumza habari ya watoto waoga, na wote huanza na maneno ya asali. Mimi asali sina.

Mwalimu alimwita mbele asubuhi, wakati wa paredi, aseme shairi la darasa lao. Alikuwa mdogo wa mwili, kwa hiyo mwalimu akamletea kiti apande, aonekane. Mtoto akafungua mdomo na hakikutoka kitu. Mwalimu akamwambia hashuki mpaka aseme. Jua likapanda, wengine wamesimama kwenye mistari wanamtazama, mwalimu amekunja mikono. Mwishowe kilichotoka hakikutoka mdomoni.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye mavumbi. Tangu siku hiyo jina lake likawa Mfereji. Akipita njiani: "Mfereji, fungua!" Akichota maji: "Mfereji anachota maji, tazameni maajabu!" Hata vitoto ambavyo havijaanza shule, vyenye kamasi puani, vilijua jina hilo.

Alifika nyumbani sketi imemkaukia mwilini. Nikamuuliza kimetokea nini, kimya. Habari nililetewa na jirani, aliyekuja mbio akijifanya anaomba chumvi. Nilimpa mtoto kipande cha sabuni nikamwambia, "Fua. Kesho unarudi." Akafua. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, maana wangu wote walikuwa wa kulia.

Tulikuwa tunakaa Mbololo, karibu na Voi, upande wa chini, ambako mahindi hukubali mwaka mmoja na kukataa mwaka unaofuata. Miaka hiyo ya tisini yalipenda kukataa. Mama ya huyu mtoto alikuwa binti yangu wa mwisho. Aliolewa Taveta. Mume alikufa kwanza, halafu binti yangu akaanza kuugua, na alipolala kitandani asiweze kuinuka, mtoto alichukuliwa na ndugu ya baba yake, mwenye duka la vitenge na sabuni, bidhaa anazitoa ng'ambo ya mpaka. Mke wa huyo ndugu alikuwa wa kuzaa, hajaachisha huyu ziwa mwingine amekuja. Mtoto wangu aliingia kwenye nyumba ile akiwa mgeni, akageuka yaya kabla hajaota meno ya utu uzima.

Tulipomzika binti yangu, huyu mtoto nilimuogesha mwenyewe asubuhi ya mazishi, na nikauona mgongo wake. Kaburini nilimshika mkono na sikumwachilia. Watu wa Taveta wakaondoka bila yeye, wakidhani bibi kizee amezidiwa na majonzi, atamrudisha akipoa.

Sikumrudisha. Basi baba yake mdogo akaja mwenyewe, amevaa koti kwenye joto la Voi, amebeba mkate na kilo ya sukari.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo. Kaa."

"Nimekuja kumchukua mtoto wetu."

"Mtoto wenu yupi?"

"Wa marehemu ndugu yangu. Mama, tusivutane. Wewe umezeeka."

"Nimezeeka, nimekuomba unibebe?"

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye sauti nzuri, na ndiyo maana duka lake lilijaa. Aliniachia mkate na sukari, akaenda moja kwa moja kwa chifu.

Chifu wetu alikuwa mtu wa kwetu, Mdawida, na hakutaka ugomvi na ukoo wowote. Akatuita sote wawili. Akasema kuna ofisa atakuja kutoka nje ya wilaya kusikiliza mambo ya familia, atakaa barazani baada ya palizi. Mtoto ameshakua wa kujieleza. Ataitwa mbele ya watu, aseme kwa mdomo wake anataka kukaa wapi. Akisema kwa nyanya yake, atakaa kwa nyanya yake. Asiposema kitu, ni wa ukoo wa baba, aende.

Baba mdogo alipiga goti lake kofi kwa furaha. "Huyu aseme? Mbele ya watu? Mzee, kwangu tulidhani ni bubu. Mke wangu alikuwa anamwita Jiwe."

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, anasikia. Akatazama vidole vyake vya miguu. Nikajua yule bwana ameshinda, na bwana mwenyewe akajua kwamba nimejua. Akaniaga kwa adabu sana.

Basi ikabaki kazi yangu. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, na kuandika huku nilikupata kwa ngumbaru, uzeeni. Kumfundisha mtu kusema sikufundishwa na yeyote. Nilijua tu kwamba mtu akitaka mbuzi atembee, anampiga nyuma.

Nilianza na shamba. Nilimweka alinde mahindi, nikampa debe na fimbo, nikamwambia tumbili wakija apige kelele, asipige debe peke yake, atoe sauti, nisikie mpaka jikoni. Tumbili walikuja. Nilisikia debe, halafu nikasikia mawe, halafu kimya. Nikatoka nikawakuta wamekaa kwenye mstari wa mahindi, wanamenya taratibu, wanamtazama. Wameshamjua. Aliye na jiwe bila sauti hawamwogopi. Nilimchapa kwa ajili ya mahindi yale, na tumbili wakakaa juu ya mti kutazama anavyochapwa.

Nikampeleka sokoni Voi na beseni la nyanya. Nikamwambia, "Ita watu. Nyanya ni hizi, nyanya nzuri, karibu mama, karibu baba. Hayo tu." Nikaenda kukaa mbali, kwa rafiki yangu muuza mahamri, mwanamke wa Kiislamu, watu wake asili yao ni pwani. Tukawa tunamtazama. Watu walipita kama maji. Mtoto alikuwa amejikunja nyuma ya beseni, mpaka ukipita unadhani nyanya hazina mwenyewe. Mwanamke mmoja aliokota zake tatu akaenda, hakulipa.

"Bibi we," akasema rafiki yangu, "mbona wamtia mwana wa watu kiwewe? Hebu mtazame. Kama kifaranga kilichoona kipanga."

"Atazoea."

"Atazoea nini? Kuibiwa?"

"Wewe kaanga mahamri yako."

"Nakaanga. Lakini na wewe usimkaange mtoto."

Mchana jua lilizipiga zile nyanya zikalegea. Tulirudi nazo. Nikamwambia siku hiyo hali mpaka aombe chakula kwa sauti ya kusikika. Sahani iko hapo, mchuzi uko hapo, sema tu, "Nyanya, nipe chakula." Hakuomba. Hakula. Siku nyingine nilimfungia nje nikamwambia asipoita jina langu simfungulii. Akakaa kwenye kizingiti mpaka giza likaanza kuingia, nikamfungulia kwa sababu ya fisi, si kwa sababu yake. Kanisani nilimsukuma mbele asome mstari mmoja wa Biblia, mmoja tu, mfupi. Alisimama pale hadi mzee wa kanisa akamwonea huruma akausoma yeye. Aliporudi kwenye benchi nilimfinya paja, akina mama wa nyuma wakaona, wakapata la kusema wiki nzima.

Na palizi ilikuwa inaisha. Nilikuwa naona magugu yanavyopungua shambani nikatamani yaote upya.

Ndipo akaja dada yangu mkubwa kutoka juu milimani, amebeba miwa. Dada yangu kanisani alikuwa anakaa benchi ya mbele, na nyumbani alikuwa anatasa. Mchungaji akimuuliza, anasema alikuwa anasukutua. Kwa asiyejua, kutasa ni jambo letu Wadawida tangu zamani. Mtu mwenye hasira moyoni huchukua kinywaji mdomoni, pombe ya miwa au maji, akakipuliza nje kama manyunyu, na huku anasema kwa sauti kile kilichomkasirisha na aliyemkasirisha. Anatoa yote. Akishamaliza mabaya ndipo anasema mazuri, anaombea watu uzima na mvua. Na yule anayesemwa, kama yupo hapo, hajibu. Akijibu ameharibu kazi. Na baadaye hayarudii, siku yoyote, mahali popote. Yakitoka yametoka.

Dada yangu alikaa nasi kidogo tu, akaona namna ninavyompeleka mtoto. Akaniita kando ya zizi.

"Unamvuta maneno kama ndama aliyekwama tumboni," akasema. "Utatoa kichwa peke yake."

"Baraza ni karibu, dada."

"Huyu amejaa. Wewe unamwambia aite watu waje wanunue nyanya, na ndani kuna mengine yanasukumana kutoka. Anafunga mdomo yasitoke yote pamoja. Mwache atase."

"Mtoto? Na mimi ni Mkristo."

"Mimi je, ni nini? Leta maji."

Asubuhi tukamsimamisha mlangoni, uso nje. Mimi nikakaa kwenye kigoda pembeni, mguu wangu mbovu nimeunyoosha, dada yangu amesimama nyuma yangu. Akampa kikombe. Mtoto akachukua maji mdomoni, mashavu yakavimba, akatutazama, akameza.

"Hayo si ya kunywa," dada yangu akasema. "Mengine."

Akachukua mengine. Yakamtiririka kidevuni. Dada yangu akamwambia apulize kama anazima taa. Akapuliza.

"Haya, una hasira na nani?"

Akatikisa kichwa, hana.

"Muongo mkubwa wewe. Puliza tena."

Akapuliza. Halafu, kwa sauti ndogo kama ya mbu, akasema, "Mwalimu alinipandisha kwenye kiti."

"Puliza. Mwingine."

"Wananiita Mfereji."

"Puliza."

Akanitazama. Dada yangu akaweka mkono wake begani kwangu, na mkono ule ulikuwa mzito, wa mtu aliyelima miaka yake yote.

"Nyanya alininyima chakula," mtoto akasema. Akapuliza. "Nyanya alinifungia nje na fisi wapo." Akapuliza. "Nyanya alinifinya kanisani. Nyanya alinichapa na tumbili wakaona." Sauti ilikuwa inapanda, na maji yalikuwa yanaruka mpaka kwenye uchanja wa vyombo. Hakungoja tena kuambiwa. Alichota mwenyewe kwenye mtungi. "Nyanya tangu tumzike mama hajamtaja. Hata siku moja. Nikimtaja anasema leta kuni."

Mwili wangu uliinuka. Sijui nilikuwa naenda kumpiga au kutoka nje. Dada yangu akanikandamiza.

"Kaa. Ukijibu umeua."

Nikakaa. Nikasikia mengine, na sitayaandika hapa, maana yaliyotoka yametoka. Yalipokwisha mtoto alikuwa amelowa kifua chote na anahema kama aliyepanda mlima. Dada yangu akamwambia sasa aseme mazuri.

"Nyanya apone mguu," akasema. "Mahindi yaive. Tumbili wafe."

"Hapana, hapo tunasema mazuri. Wasife. Waende."

"Waende kwa mwalimu."

Dada yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Lakini nilikuwa nimesikia sauti kamili ya mtoto yule kwa mara ya kwanza, na ilikuwa nene kuliko nilivyodhani, ilikuwa ya mama yake.

Basi tukaendelea hivyo kila asubuhi, maji na mlango. Wazazi wanaoniuliza siku hizi, na wapo, maana mtoto yule sasa anajulikana kwa kusema, nawaambia hivyo hivyo: wewe unataka mtoto aseme, lakini unataka aseme mazuri tu, yale ya kukupendeza mbele ya wageni. Hilo halipo. Mjukuu wangu hakuwa anaogopa macho ya watu. Alikuwa anaogopa kwamba neno la kwanza likitoka, mengine yatafuata, na atapigwa kwa hayo mengine. Na alikuwa sahihi, mimi ningempiga. Dawa yake ilikuwa mimi nikae kwenye kigoda nisemwe, mdomo nimefunga. Ni dawa chungu na anayeinywa si mtoto.

Baada ya siku za mlangoni dada yangu akaita jirani wa chumvi aje asikilize, naye akasemwa kwa kuchukua habari na kuzitembeza. Alikasirika, lakini alijua mila, akanyamaza. Halafu akina mama wa kisimani. Shuleni alisoma mbele ya darasa, kitabu kimemfunika uso, lakini akasoma mpaka mwisho wa ukurasa. Jina la Mfereji halikumtoka. Watoto hawaachi kitu kizuri kama hicho.

Siku ya baraza ikafika. Watu wamekaa kwenye nyasi mbele ya ofisi ya chifu, wazee kwenye mabenchi. Ofisa alikuwa mtu wa bara, kijana, soksi nyeupe, kila mara anatazama gari lake kama litamwacha. Baba mdogo alisimama kwanza. Alisema vizuri sana. Alimtaja marehemu ndugu yake, akafuta jicho, akasema mtoto kwake atavaa viatu, atasoma, atakula ndizi mpaka azichukie. Akasema mimi ananiheshimu kama mama mzazi. Wanawake wengine wakatikisa vichwa kwa kupendezwa.

"Haya, mtoto," ofisa akasema. "Njoo hapa mbele. Usiogope. Unataka kukaa na nani?"

Mjukuu wangu akasimama. Akawatazama watu wote wale. Kisha akajaza mashavu hewa, akaipuliza yote mbele ya ofisa, pfuuu. Vijana wakaanza kucheka, na mimi nikaelewa. Tulimfundisha kusema kwa njia moja tu. Hakuna aliyemwambia kwamba barazani hatutasi.

"Nyanya alininyima chakula," akasema, na sauti ilisikika mpaka barabarani.

Kicheko kikakatika.

"Nyanya alinifungia nje, na fisi wapo. Nyanya alinichapa shambani. Nyanya alinifinya kanisani, hapa." Akaonyesha paja.

Ofisa aliacha kutazama gari. Akachukua kalamu. "Endelea, mtoto. Hakuna mtu atakugusa." Mtoto akaendelea. Aliyataja yote, hata ya sokoni. Ofisa akanigeukia, akaniita nyanya kwa lugha ya kwao. "Shosho, ni kweli haya? Ulimnyima mtoto chakula?"

Nikanyamaza.

"Shosho, mimi nakuuliza. Ulimlaza mtoto njaa?"

Wazee wetu waliinamisha vichwa. Walijua kwa nini sisemi. Nikijibu, hata neno moja la kujitetea, nimemfunga mtoto mdomo palepale, na safari hii usingefunguka tena. Nisipojibu, huyu mgeni anaandika kwamba nimekiri. Nilimtazama mtoto. Alikuwa amenikazia macho, ananingoja, kama anavyoningoja mlangoni. Nikaubana mdomo wangu mpaka meno yakauma.

Chifu akakohoa. "Mkubwa, huku kwetu kuna namna ya—"

"Chifu, wacha tafadhali. Mtu akiwa na jibu si analitoa?" Akafunga kalamu. "Nimesikia ya kutosha."

Baba mdogo akasimama, uso wa huzuni. "Mkubwa, mimi sikutaka kumwaibisha mama mbele ya watu wake. Lakini mmesikia wenyewe."

"Sijamaliza," mjukuu wangu akasema.

"Nini?" ofisa akauliza.

"Sijamaliza. Hizo ni za nyanya. Sasa ni za baba mdogo."

Uwanja mzima ulilipuka. Mzee mmoja aliangusha fimbo yake. Baba mdogo akabaki amesimama, hajui akae au aondoke, na mtoto akamgeukia, akajaza mashavu, pfuuu.

"Baba mdogo, mtoto wako akilia, nilipigwa. Akinyamaza, nilipigwa kwamba nimemfanya nini mbona amenyamaza. Mama mdogo akivunja sahani, nilipigwa mimi. Ulinipiga na waya wa kuanikia nguo na mimi nilikuwa nimelala. Ulinipiga siku mlipoambiwa mama amekufa, sijui ilikuwa ya nini." Akavuta pumzi. "Nyanya akinipiga najua ni kwa nini. Kwako nilikuwa sijui."

"Huyu amefundishwa!" baba mdogo akapaza sauti. "Mkubwa, haya ni maneno ya kufundishwa!"

"Amefundishwa na nani?" akauliza yule mzee, anainama kuokota fimbo yake. "Na nyanya yake? Alimfundisha aanze kwa kumtangaza yeye?"

Watu wakacheka tena, lakini kicheko cha namna nyingine, na ofisa akafungua kalamu. Mtoto hakuwasikia. Alikuwa amefika kwenye mazuri, na mazuri lazima yasemwe yote.

"Nyanya aishi. Mvua inyeshe. Baba mdogo afike Taveta salama, duka lake lijae, watoto wake wapate yaya mwingine. Chifu asiwe mwoga. Na huyu mzee wa soksi gari lisimwache."

Ofisa alifunika uso kwa karatasi zake, mabega yanatikisika. Alipojifunua akasema, "Lakini mtoto, hujasema unataka kukaa na nani."

Mtoto alimtazama kama anayemtazama mtu asiyeona. "Si ni kwa nyanya?"

Hivyo ndivyo nilivyompata. Ofisa akaandika, akanisomea kwamba mtoto akae kwangu mpaka amalize shule. Kisha, mbele ya watu wote, akaongeza: "Na wewe, Shosho, chifu atakuwa anapita kwako kutazama sufuria. Nikisikia mtoto huyu amelala njaa tena, namchukua mwenyewe." Nikaitikia kwa kichwa kama mtoto wa shule. Mimi, mwenye umri wa kumzaa mama yake.

Baba mdogo alinipita akielekea barabarani. Hakuwa anacheka. "Mama, hongera. Siku ya kuja kumposa huyu msiniite. Semeni hana baba."

"Hana," nikasema. Hilo sikukatazwa kujibu.

Tukaanza kurudi nyumbani. Nyuma yetu walikuwa akina mama wa kanisani, wanajifanya wanazungumza habari ya kunde. "Mimi wangu nitampikia leo," mmoja akasema. "Nisije nikasemwa barazani." "Pika na cha kupeleka kule chini," mwenzake akajibu, "kwa nyanya wa njaa." Nilisikia kila neno. Walitaka nisikie. Jina hilo nililibeba miaka, na wapo wanaoniita hivyo mpaka leo.

Na mtoto alikuwa anaongea. Tangu tulipotoka kwa chifu hakufunga mdomo. Aliongea habari ya soksi za ofisa, ya fimbo ya mzee, ya mbuzi aliyekuwa anakula bango la chifu na watu hawamwoni. Ya kwamba Voi kuna duka lina televisheni dirishani. Ya mama yake, alivyokuwa anasuka nywele, upande wa kushoto kwanza. Mimi kooni nilikuwa na neno moja tu: kwa nini ile ya chakula umeitoa mbele ya watu wote wale, ungeanza na waya, ungeanza na Taveta. Na mila inasema yaliyosemwa hayarudiwi, siku yoyote, mahali popote, na yeye hakujua kwamba barazani hapakuwa mahali pa kutasa.

"Nyanya," akasema, "mbona hunijibu?"

Nikamwambia atembee, jua linatuacha na kuni hatujaokota.